Nyufa za Nyumba Kongwe: Tuzisome Kabla ya Kuzipaka Rangi



Ndugu wasomaji, mwezi wa Shaaban unapoingia, mitaa yetu ya pwani huanza kunukia rangi mpya. Kila nyumba hujitayarisha kuupokea mwezi mtukufu: mapazia hufuliwa, mikeka hutolewa juani, na fundi wa rangi huwa hapatikani kwa urahisi. Ni ada njema na hatuna neno nayo. Lakini mwaka huu kina mama kadhaa wametujia na suala moja, kila mmoja kwa maneno yake: ufa tuliouziba mwaka jana umerudi, na haukurudi peke yake. Je, fundi alitudanganya? Au nyumba imeshazeeka, haifai tena?

Jawabu letu ni kwamba aghalabu fundi hakudanganya, wala nyumba haijafa. Lililotokea ni kwamba ufa ulizibwa kabla ya kuulizwa ulitoka wapi. Wazee wetu walituachia ile methali ijulikanayo na kila mtoto, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni ya kweli, lakini haikusema tuzibe kwa kitu gani, wala haikusema tuzibe bila ya kutazama. Leo tumeazimia kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, maana linagusa mali ya familia, na zaidi ya mali, linagusa roho za wanaolala chini ya dari zetu.

YALIYOTUPATA SISI

Tunaandika haya kwa kuwa yametupata. Nyumba tuliyokulia iko katika Mji wa Kale wa Mombasa. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye dari ya boriti, na ilikuwa ya bibi yetu kabla ya kuwa ya warithi wake. Bibi alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nyumba ilibaki mikononi mwa watu saba. Na nyumba ya watu saba, kama ijulikanavyo, haina mtu wa kuipandia juu kutazama pale panapovuja. Kulikuwa na ufa mmoja uliokuwa ukiteremka kutoka darini, katika chumba cha juu, mpaka pembe ya dirisha. Tuliuona tangu tukiwa wadogo, na kwa kuwa tuliuona kila siku, tuliacha kuutazama.

Ilipofika arusi ya dada yetu, nyumba ilibidi ipambwe. Fundi aliyepatikana kwa haraka aliujaza ufa ule kwa saruji, akabandua chokaa ya zamani ukutani na darini, akapiga plasta ya saruji mahali pake, kisha akamaliza kwa rangi ya mafuta. Nyumba ilimeremeta. Wageni waliisifu, arusi ikapita kwa salama, nasi tukajiona tumefanya jambo.

Masika yalipoingia, rangi ikaanza kufura malengelenge. Ukipapasa ukuta, unga mweupe wa chumvi unabaki mkononi. Baada ya hapo ufa ukajitokeza kando ya mahali pake pa zamani, safari hii mpana zaidi. Na usiku mmoja bamba la plasta, zito kiasi cha kubebwa na watu wawili, likaanguka kutoka darini juu ya kitanda cha watoto wawili wa kike. Alhamdulillahi, watoto hawakuwamo kitandani. Joto lilikuwa limewatoa chumbani, wakaenda kulala ukumbini kwa mama yao.

Shangazi yetu, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa katika nyumba ile, hakusema neno mpaka baada ya sala ya alfajiri. Kisha akasema: "Mimi sitalala tena chini ya dari nisiyojua imeshikwa na nini." Ndipo akaitwa mwashi mmoja mzee, aliyejifunza kazi hii kwa baba yake. Sisi tulimwongoza chumbani tumwonyeshe ufa. Yeye akaomba ngazi apande juu. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka alituambia mambo matatu: mlizamu wa kutolea maji ya mvua umezibwa na takataka, maji yanasimama, tangi la maji limewekwa juu ya ukuta ule ule wenye ufa, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vimeoza. Alichukua msumari mrefu akausukuma katika boriti moja kwa mkono mtupu. Uliingia kama unaoingia katika boga lililoiva.

Tangi lile lilikuwa la lita 1,000. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hivyo tangi likijaa huwa ni tani nzima, mbali na uzito wa chombo chenyewe. Tani moja tuliipandisha sisi wenyewe juu ya ukuta uliolowa, kisha tukaulaumu ukuta kwa kupasuka.

NYUMBA YA CHOKAA SI NYUMBA YA SARUJI

Kosa la kwanza la wengi wetu ni kudhani kuwa ukuta ni ukuta. Nyumba kongwe za Mombasa, Lamu, Pate na Siyu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo. Kuta zake ni nene, mara nyingi karibu na nusu mita, na hazikukusudiwa kuzuia unyevu usiingie kabisa. Zilikusudiwa kuupokea na kuutoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini na huingia kwa mvua ya upepo. Jua na upepo vikija, hutoka tena kupitia chokaa, ambayo ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana wazee husema ukuta wa chokaa hupumua.

Tena chokaa ni laini. Nyumba ikisogea kidogo, na kila nyumba husogea kidogo, chokaa hufuata na kugawanya mshtuko katika mipasuko midogo midogo isiyo na madhara. Saruji sivyo. Saruji ni ngumu, haikunjiki wala haipitishi unyevu kwa wepesi. Ukiipiga juu ya ukuta wa matumbawe, unyevu uliokuwa ukitoka hunaswa ndani. Hupanda juu zaidi kutafuta njia, na huchukua pamoja nao chumvi. Maji yakikauka, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ibanduke bamba zima. Kwa hivyo plasta iliyoanguka juu ya kitanda cha watoto wetu haikuanguka kwa kuwa ilikuwa dhaifu. Ilianguka kwa kuwa ilikuwa na nguvu za namna isiyopatana na ukuta ulioibeba.

Na dari zetu zina kanuni yake. Boriti ni miti ya mikoko, ile ile ambayo majahazi yaliibeba kwa karne nyingi kwenda Arabuni na nchi za Ghuba. Kwa kuwa mti huo una urefu wake na hauwezi kubeba uzito katika nafasi pana mno, vyumba vya kale vilijengwa vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, hata kama ni virefu. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe hushindiliwa chokaa na kokoto. Dari ya namna hii ni nzito, na uzito wote unashuka katika kuta mbili zilizoshika vichwa vya boriti. Anayebomoa ukuta wa kati ili apate sebule pana, bila ya kuuliza ukuta ule umebeba nini, anaikata nyumba mguu. Nyufa zitakazofuata si ajabu. Ajabu ni zisipofuata.

KUUSOMA UFA

Kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, na tutembee nyumbani mchana, mwanga ukiwa mzuri, tukiwa na kalamu ya risasi na daftari. Tuandike kila ufa: uko wapi, una upana gani, unaelekea wapi. Kazi hii haihitaji fundi. Mama wa nyumba anayefagia kila pembe anaijua nyumba kuliko mhandisi anayekuja kwa saa moja.

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotawanyika kama utando juu ya plasta, kwa kawaida ni za plasta yenyewe. Ilikauka upesi mno, au iliwekwa nene mno. Hizi hazitishi.

Ufa ulionyooka kutoka juu hadi chini pale ukuta mpya ulipoungana na wa zamani, kama vile jiko lililoongezwa nyuma ya nyumba, huonyesha kuwa sehemu mbili hazishuki pamoja. Msingi mpya bado unajikalia, wa zamani ulishakaa. Aghalabu si hatari, lakini utarudi kila ukizibwa kwa kitu kigumu.

Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha au mlango huonyesha kuwa uzito wa juu haukupata pa kupita. Huenda kizingiti kimeoza, au kuna dirisha lililotobolewa baadaye, au upande mmoja wa msingi unazama. Huu unataka uchunguzi.

Ufa wa kulala pamoja na ukuta uliofura kama tumbo ni jambo zito zaidi. Chukua uzi, ufunge jiwe dogo chini, uuning'inize kutoka juu ya ukuta. Hiyo ndiyo timazi ya mtu wa nyumbani. Ukuta ukionekana umeuacha uzi au umeusukuma, mwite mtu mwenye elimu ya kazi hii.

Kuhusu upana, kanuni zifuatazo zatosha kwa kuanzia. Ufa usiozidi milimita 1 ni wa fundi wa rangi. Ufa unaofika milimita 5 ni wa mwashi, baada ya kujulikana sababu yake. Ukizidi milimita 5 inafaa atazamwe na mhandisi wa majengo, na ukipita milimita 15 usingoje siku.

Lakini kuliko upana, lililo muhimu ni kujua kama ufa uko hai. Ufa uliotulia miaka arubaini ni kovu tu. Ufa wa juzi unaokua ni kidonda. Njia ya kujua ni rahisi. Safisha mahali pamoja juu ya ufa, upake donge la jasi lenye upana wa vidole vitatu, likatize pande zote mbili, kisha uandike tarehe kando yake. Jasi haivutiki: nyumba ikisogea hata kidogo, itakatika. Iache ipitiwe na msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Ikibaki nzima, ziba kwa moyo mkunjufu. Ikikatika, sababu ingalipo, na kuziba ni kupoteza fedha.

Na ziko alama ambazo hazingoji jasi wala msimu: mlango uliokuwa ukifunga jana na leo haufungi, vumbi linalodondoka darini bila ya mtu kutembea juu, mlio wa kukatika usiku, dari iliyolegea katikati, au ufa unaoingia kidole. Katika hali hizo, watoeni watoto na wazee katika chumba hicho kwanza, kisha ndipo mtafute fundi wa kukiegemeza kwa nguzo za muda. Fanicha na vyombo vitafuata baadaye.

MAJI KWANZA, RANGI MWISHO

Mwashi wetu alikuwa na mpangilio ambao hakukubali kuuvunja, ingawa sisi tulikuwa na haraka. Kwanza paa na maji, pili vitu vinavyobeba uzito, tatu plasta, mwisho rangi. Wengi wetu huanza mwisho kwa sababu rangi ndiyo ionekanayo na wageni.

Maji yatafutwe kila yanapopita. Mlizamu ni mzima na mrefu kiasi cha kutupa maji mbali na ukuta? Choo na bafu za juu zinavuja? Mfereji wa maji machafu umepasuka chini ya sakafu? Tangi limekalia nini? Kuna mmea ulioota ukutani? Miche ya jamii ya mtini hupenda sana kuta za chokaa. Ndege huangusha mbegu, mzizi huingia katika uwazi mdogo, na baada ya miaka michache hutenganisha mawe. Mche mdogo ung'olewe na mzizi wake. Ukishakuwa mti usivutwe kwa nguvu, maana utatoka na ukuta. Ukatwe, na mzizi uuawe polepole.

Maji yakishazuiwa, ukuta uachwe ukauke. Hili nalo linahitaji subira, kwani ukuta mnene hukauka kwa miezi, si kwa siku. Sisi tuliambiwa tubandue plasta yote ya saruji, na kuta zikabaki uchi kutoka masika mpaka karibu na vuli. Majirani walituuliza kama tumeishiwa. Tulivumilia.

Kuhusu boriti, zilizooza zilikuwa tatu. Mwashi aliegemeza dari kwa nguzo, akaziondoa moja moja, akaweka mpya zilizokauka vizuri, na vichwa vyake akavipaka dawa ya mchwa, kisha akaviachia nafasi ndogo ya hewa ndani ya ukuta badala ya kuvizika katika udongo wenye maji. Tahadhari: boriti zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, kwa kuwa mikoko hulindwa na sheria na haikatwi bila ya idhini.

KUZIBA KWENYEWE

Kwa ukuta wa chokaa, ufa huzibwa kwa chokaa. Ufa mwembamba hufunguliwa kidogo kwa ncha ya patasi ili upate mdomo, hufagiliwa vumbi kwa brashi, hunyunyiziwa maji mpaka ukuta ushibe, kisha hushindiliwa chokaa iliyoroweshwa na kuchujwa vizuri. Ufa mpana hutakaswa kwa kina, hulowanishwa, hutomewa vipande vidogo vya mawe, na hujazwa mchanganyiko wa sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga. Mchanga uwe wa chembe kali na safi. Mchanga wa ufuoni haufai ukiwa na chumvi yake, maana tutakuwa tumemkaribisha ndani yule yule adui tuliyemtoa nje. Kazi hufanywa kwa tabaka nyembamba, kila moja isizidi sentimita 1 hivi, na kila tabaka hupewa muda wa kushika kabla ya kuja nyingine.

Ufa uliopita katika unene wote wa ukuta hushonwa: mwashi hutoa mawe kadhaa pande mbili za ufa na kuweka mawe marefu yanayovuka, kama nyuzi zinavyovuka mchano wa nguo. Nondo za kawaida zisitumiwe kwa kazi hii karibu na bahari. Kutu ya chuma huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na ile nondo uliyoiweka ikushikie ukuta itaupasua.

Chokaa haishiki kwa kukauka upesi, hushika kwa kuvuta hewa polepole ikiwa na unyevu kidogo. Kwa hivyo siku za mwanzo, juma zima au zaidi, ukuta ufunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, na kazi isifanywe katika jua kali la kaskazi bila ya kivuli. Ukuta ukishashika, hupakwa chokaa nyepesi ya maji, mikono minne au mitano, kila mkono ukikauka kabla ya mwingine. Rangi ya mafuta na ile ya plastiki ziepukwe juu ya kuta hizi; ni sawa na kumfunika mtu mdomo.

Hapa tunawausia kina mama jambo moja kwa mkazo: chokaa huunguza. Chokaa mbichi ikitiwa maji huchemka kama chungu motoni. Kazi ifanywe mbali na watoto, kwa glovu na miwani. Ikiingia jichoni, jicho lisafishwe kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, na mtu apelekwe hospitali bila ya kukawia.

DARI ZA NAMNA NYINGINE

Si kila nyumba kongwe ni ya boriti. Wengi wetu tunakaa katika nyumba zilizojengwa miaka ya 1960 na 1970, zenye dari ya zege au ya mbao na mabati.

Katika dari ya zege, tazama mstari wa ufa wenye doa la rangi ya kutu. Huo unafuata nondo iliyo ndani, nondo inaoza na kusukuma zege chini. Kuupaka rangi ni kuuficha tu. Zege iliyolegea huangushwa kwa makusudi, nondo husafishwa kwa brashi ya waya mpaka ing'are, na iliyoliwa sana huongezewa nyingine kabla ya kufunikwa upya. Kazi hii isimamiwe na mhandisi. Njia ya kupima nyumbani ni kugonga kwa mpini wa mwiko: palipo pazima hulia kavu, palipoachana hulia kama ngoma. Gonga ukiwa umesimama kando, si chini yake.

Katika dari ya mbao za jasi, nyufa zilizonyooka huonyesha maungio tu. Hufunguliwa, hubandikwa utepe maalumu wa wavu, hupakwa jasi tabaka mbili au tatu, na hulainishwa. Penye doa la kahawia, tafuta mabati yanayovuja kwanza.

Na ikiwa dari au paa ni la mbao za asbesto, zilizokuwa zikitumika sana zamani, tafadhali zisikatwe, zisitobolewe wala zisisuguliwe. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi. Kuziondoa kuna taratibu zilizowekwa na mamlaka ya mazingira, na zifuatwe.

UFA MWINGINE

Tulisema nyumba yetu ilikuwa ya warithi saba. Hesabu ya mwashi ilipokuja, ndipo tulipojua kuwa ukuta haukuwa peke yake wenye ufa. Baadhi ya wenzetu walitaka nyumba iuzwe kwa mtu atakayeibomoa. Ami mmoja alikuwa na uwezo wa kulipa zote, lakini alitaka fedha zake zihesabiwe kuwa ni sehemu kubwa zaidi ya nyumba. Shangazi, ambaye ana fungu lake katika mirathi na ndiye aliyelala chini ya dari ile miaka yote, alikuwa hasemi kitu. Tulipomuuliza alisema: "Mimi sina fedha za kutoa, basi nina neno gani la kusema?"

Neno lile lilitutia haya. Fungu la mtu halipungui kwa kuwa mfuko wake ni mtupu. Tulikaa kitako mbele ya mwanachuoni wa mtaa wetu, na tukakubaliana kwa maandishi: gharama zigawanywe kwa kadiri ya mafungu, asiyeweza kulipa sasa liandikwe kuwa ni deni lake, wala si kuuzwa kwa fungu lake, na kodi ya duka la chini isigawanywe mpaka madeni ya matengenezo yalipwe. Ami akatanguliza fedha, akaandikiwa. Miezi kumi na minne baadaye alikuwa amerudishiwa zote.

Tunalitaja hili kwa sababu tumeona nyumba nyingi zikianguka si kwa mvua bali kwa ukimya wa warithi. Andikeni mapema, kabla ya mvua na kabla ya hasira. Penye mzozo kuna wanavyuoni, na kuna mahakama za kadhi, ambazo mambo ya mirathi ni katika kazi zake. Vilevile, kwa walio katika Mji wa Kale au Lamu, kumbukeni kuwa maeneo hayo yamehifadhiwa. Kabla ya kubadilisha ukuta au kuongeza ghorofa, ulizeni katika ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa na katika serikali ya kaunti. Zaidi ya kibali, huko mtapata watu wanaowajua waashi wa chokaa, ambao siku hizi ni wachache.

Chumba kile leo kimepakwa chokaa nyeupe. Pembeni ya dirisha, pale ulipokuwa ufa, tulimwomba mwashi aache donge moja la jasi na tarehe yake, lisipakwe juu. Shangazi hulitazama kila masika yakiisha, na mpaka hivi leo halijakatika. Watoto wamerudi kulala mahali pao, naye kitanda chake amekihamishia chumba hicho hicho.

Basi, wasomaji wetu, kabla ya fundi wa rangi kuja mwaka huu, chukueni kalamu na daftari, pandeni juu mtazame mlizamu, kisha muugonge ukuta muusikilize. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo, na awarehemu waliotujengea.

Wabillahi tawfiq.